Mchuchumio: Kuchagua Kiatu Kirefu na Kukifanya Kikushike

Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili ufikie kitu kilicho juu: sufuria ya rafu ya mwisho, embe la tawi la pili. Ndiyo maana mama zetu waliviita viatu vya kisigino kirefu mchuchumio, kabla vijana hawajavibatiza skuna. Jina la zamani lina maelezo yote ndani yake. Ukivaa kisigino cha inchi nne umechuchumia, na utaendelea kuchuchumia tangu kanisani hadi MC atakapoita meza ya kwanza ikachukue chakula. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, simama jikoni kwako peku, inua visigino, ukae hivyo kwa muda wa wimbo mmoja mzima. Wengi wetu tunashindwa kwenye ubeti wa pili.

Kazi yangu ni kuvalisha maharusi, Musoma mjini zaidi, mara nyingine Bunda na Butiama. Watu huniita kwa ajili ya gauni na shela. Viatu huwa ni jambo la jioni ya mwisho, na kwa miaka mingi nami niliviacha hapo hapo, mpaka alipoolewa binti wa kaka yangu. Harusi ilikuwa Butiama. Viatu tuliviagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam, vikaja na basi, rangi ya krimu, kisigino chembamba kama kalamu. Namba 38, na mguu wake ni 38. Alisimama sebuleni, tukampiga picha, tukavirudisha kwenye boksi. Siku yenyewe alipoanza kushuka ngazi za kanisa nikaona nyuma ya kisigino chake pamefunguka nafasi ya kuingia kidole gumba. Kila hatua mguu uliteleza kwenda mbele. Vidole vikajikunja kama vya ndege aliyetua tawini, kwa sababu ndivyo pekee vilivyokuwa vimekishika kiatu kisichomoke. Kufika kwenye keki alikuwa ameshavivua chini ya meza, na gauni nililolikata kwa urefu wa kisigino kile likawa linafagia sakafu. Alilikanyaga mara mbili. "Shangazi, nibebe," akaninong'oneza, huku anatabasamu kwa ajili ya kamera.

Kosa lilikuwa langu. Kiatu kile urefu wake ulikuwa sawa kabisa, ila hakikuwa na kitu cha kumshika nyuma. Kadiri kisigino kinavyopanda ndivyo mguu unavyokuwa kwenye mteremko, na kitu kilicho kwenye mteremko huteleza kwenda chini. Kiatu bapa kinakushika popote. Kirefu kinatakiwa kikushike kisigino chenyewe, au mgongo wa mguu, au kifundo. Kikitegemea vidole, utavua kabla ya keki. Tangu siku ile, mtu akinionesha kiatu naanza kukiangalia kwa nyuma.

Ardhi kwanza

Mkoa wetu ni wa mawe. Musoma mawe makubwa yamekaa hadi ndani ya ziwa, na Butiama ukienda Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, unapita katikati ya majabali. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: utakanyaga nini kuanzia mlangoni kwenu hadi kwenye kiti cha bibi harusi? Niandikie njia nzima. Ua wa nyumbani, gari, ngazi za kanisa, sehemu ya kupigia picha, ukumbi, choo cha ukumbi. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na sakafu yake huwa imelowa.

Kisigino chembamba kinataka sakafu ngumu mwanzo hadi mwisho. Kwenye nyasi za bustani za kando ya ziwa kinazama mpaka soli iguse udongo, na ukijaribu kuking'oa unabaki umesimama kwa mguu mmoja mbele ya wageni 300. Kwenye mchanga usijaribu kabisa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ua wa udongo unageuka ugali. Harusi ya aina hiyo inataka kisigino kinene, au kiatu ambacho soli na kisigino vimeungana kuwa kabari moja. Urefu unabaki ule ule. Kinachobadilika ni upana wa kitako chake.

Na hapa kuna somo ambalo halikutoka mbali. Wacheza ngoma wa Kikurya, ala yao ya nyuzi, ritungu, ikipigwa, hupanda juu ya viatu vya mbao nene na nzito, wakaruka na kukanyaga kwa kishindo, na hawaanguki. Wamekwenda juu kwa kitako kipana. Pwani nako kuna mtalawanda, kiatu cha mbao kinachoshikwa kwa msuruaki, kile kijiti kinachokaa kati ya kidole gumba na cha pili. Mtalawanda unashikwa mbele tu, kwa hiyo ni wa kutembea polepole kutoka chumbani hadi msalani. Nani amewahi kumwona mtu anaserebuka na mtalawanda?

Kama bibi harusi anavuka na kivuko cha Kinesi kuja mjini, avuke na ndala. Chuma cha kivuko kina nundu, na ule mlango unaoshushwa ufukweni ni mteremko mtupu. Bodaboda ni hivyo hivyo: kisigino kirefu hakikai vizuri kwenye kile chuma cha kukanyagia, na gauni nalo lina hamu na mnyororo. Viatu vinasafiri kwenye mfuko wa kitambaa, maana ile ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na hakuna aliyeililia.

Pima mguu, namba haina adabu

Namba iliyogongwa ndani ya kiatu ni maoni ya kiwanda. Zile za Ulaya, 37, 38, 39, hupanda kwa karibu milimita 7 kila moja. Za Kiingereza hupanda kwa milimita 8 na nusu hivi, na 5 yao ni kama 38. Wamarekani wana zao, ambazo kwa wanawake huwa kubwa zaidi, ndiyo maana kwenye mtumba unakuta kiatu kimeandikwa 7 na kinakubana. Viatu vya China vingi vimeandikwa 235, 240, 245. Hizo ni milimita za mguu wenyewe, na binafsi naona ndizo za kweli kuliko zote.

Pima jioni, baada ya siku ya kazi, kwa sababu mguu wa Musoma saa kumi na mbili jioni umevimba na joto lote la mchana limo ndani yake. Weka karatasi sakafuni, ukutani, kisigino kikiwa kimegusa ukuta. Simama, usikae. Mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili wala siyo gumba. Pima miguu yote miwili. Haitalingana, na hilo siyo ugonjwa. Nunua kwa ule mkubwa, ule mdogo fundi atauhudumia. Mguu wa sentimita 24 ni karibu 38. Kisha zungusha utepe wa cherehani kwenye sehemu pana, pale vidole vinapoanzia, uandike na hicho kipimo. Wanawake wengi huku tuna miguu mipana mbele na kisigino chembamba, kwa kuwa tumekua tunatembea peku au na kandambili. Viatu vya madukani vimefinyangwa kwa miguu tofauti, kwa hiyo tunanunua namba kubwa ili upana utoshe, halafu nyuma panapwaya. Huo ni mtego; binti wa kaka yangu alinaswa hata kwa namba yake mwenyewe.

Njia ya kutoka mtegoni ni kutokuongeza namba. Tafuta kiatu chenye namba yako na mkanda. Mkanda wa kifundo ni mzuri. Ule unaopita juu ya mgongo wa mguu ni mzuri zaidi, kwa sababu unazuia mteremko wenyewe. Buti la kamba ndilo linaloshika kuliko vyote. Kile kiatu kilicho wazi kabisa, mdomo chini, nyuma kidogo, ambacho kwenye picha kinapendeza kuliko vingine, ndicho kinachoshika kidogo kuliko vingine. Ukikitaka hicho, shuka hadi inchi mbili na nusu, tatu basi.

Kuhusu urefu, wauzaji hupima kisigino tu. Wewe toa unene wa soli ya mbele. Kisigino cha sentimita 12 chenye soli ya sentimita 3 mbele kinakuweka kwenye mteremko wa 9, na miguu yako inajua tofauti hiyo hata kama picha haijui. Bibi harusi mfupi aliyepania kumfikia bwana kwenye bega namshauri aongeze soli ya mbele kabla hajaongeza kisigino. Asizidishe, maana soli nene haipindi, na asiyeisikia sakafu hujikwaa.

Kwenye duka na kwenye mtumba

Belo likifunguliwa kila mtu anawahi kilicho kizuri kwa macho. Wewe tafuta sehemu bapa, hata kipande cha kioo au meza ya muuza karanga, ukiweke kiatu juu yake. Mpira ulio chini ya kisigino uguse wote, usiguse ukingo mmoja. Gonga pembeni ya kisigino kwa kidole: kikitikisika kidogo, kitavunjika. Kikitikisika sana, kimeshavunjika, kinasubiri mtu wa kumwaibisha. Kisha kitazame kwa nyuma, usawa wa macho. Kisigino kinyooke kama timazi ya mwashi. Kilicholalia ndani kilivaliwa na mtu anayelalia ndani, na wewe utalalishwa hivyo hivyo.

Sasa kishike ncha na kisigino, ukikunje. Kinatakiwa kipinde pale tu vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati, chini ya uvungu wa wayo, kile kipande cha chuma kinachobeba uzito humo ndani kimekatika au hakikuwepo. Hicho kirudishe kwenye fungu bila kujadili bei.

Soli za mpira mwepesi zina ugonjwa wa peke yake. Kiatu kinaweza kukaa stoo Ulaya miaka mingi, kikaonekana kipya, halafu siku ya kwanza ya kuvaliwa soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Unyevu wa hewa ulikuwa unaila taratibu. Choma kwa ukucha. Ukiacha alama inayonata au chembe zikidondoka, achana nacho. Ndani angalia alama ya mguu wa mmiliki wa kwanza. Vidole vyake vikiwa vimechimba mashimo matano yaliyo mbali na vyako, mtagombana usiku kucha.

Ngozi halisi hupanuka kidogo, kwa hiyo inaruhusiwa kukubana kwa staha siku ya kwanza. Reksini haipanuki; inayokubana leo itakubana kesho, na ikilazimishwa hupasuka kwenye mikunjo. Harufu ya kiatu cha mtumba futa ndani kwa kitambaa chenye spiriti, kiache kivulini penye upepo. Juani usikiache. Jua letu linayeyusha gundi ya kwenye kiatu cha sherehe, na nimeona kisigino kikibaki kwenye ngazi wakati mwenyewe ameshafika juu.

Ukivaa kujaribu, vaa vyote viwili, ufunge mikanda, utembee kwenye mteremko wa kushuka. Dukani hakuna mteremko? Toka nje mpaka barabarani, mwenye duka atakusindikiza. Baada ya hatua 20 simama, ujaribu kupitisha kidole nyuma ya kisigino. Kikipita, kiatu hakijakushika. Mbele, vidole viweze kuchezacheza. Viwili vikipandana, hapana.

Kwa fundi viatu

Musoma mafundi viatu wapo chini ya miti na pembeni ya vibaraza, na wengi ni mabingwa wa kupiga soli na kushona viatu vya shule. Kwa skuna chagua anayekishika kiatu polepole. Yule ninayempelekea mimi ana kioo cha dirisha kilichovunjika, amekizungushia utepe kingo zake. Kiatu kinawekwa pale kabla hajasema lolote. Mara ya mwisho aliinama hadi shavu likakaribia kugusa kioo, akakisukuma kisigino kwa ncha ya kidole kidogo, akasikiliza. "Hiki kinacheza, mama. Msumari wa ndani umelegea." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Akafungua kitambaa cha ndani kwa kisu, akakaza, akagundisha tena, na gharama yake ilikuwa chini ya soda mbili.

Mwombe mambo haya. Abandike kipande cha ngozi laini, upande wenye manyoya ukielekea mguu, nyuma ya kisigino. Hicho kinaondoa ile nafasi ya kidole gumba. Aweke sponji nyembamba chini ya sehemu pana ya mbele, iwe na kitu cha kuzuia mteremko. Kwa ule mguu wako mdogo aongeze tabaka la pili. Kama kiatu hakina mkanda, anaweza kushonea wa lastiki juu ya mgongo wa mguu, na chini ya gauni refu hakuna atakayeuona. Soli ikiwa laini kama kioo, apige mpira mwembamba, au aikwaruze kwa msasa. Kumbi nyingi siku hizi zina vigae vya marumaru, na soda iliyomwagika juu yake ni mtego.

Kuna mambo mawili ya kumkatalia, hata akisisitiza. Pamba ya kujaza mbele inasukuma mguu lakini haiushiki. Inafinyangwa ndani ya nusu saa na kuwa jiwe. Na kukata kisigino kukifupisha, zaidi ya nusu inchi hivi, kunaharibu kiatu: soli ilifinyangwa kwa mteremko ule, ukiushusha ncha ya mbele inanyanyuka angani, uzito unahamia nyuma, nawe unatembea kama umeegemea ukuta usiokuwepo. Kama ni kirefu mno, kiuze, nunua kingine.

Kupanua upana kunawezekana kwenye ngozi. Fundi atakilowesha kwa spiriti, atakijaza kalibu ya mbao, akiache usiku mbili. Urefu haupanuki. Anayekuahidi kukirefusha anataka hela ya chai.

Lile buti la kusimamia vidole

Mara moja moja ananijia binti mwenye picha kwenye simu: buti la kamba hadi gotini, mguu umenyooka wima kama wa mcheza baleti, kisigino cha inchi 7, ncha ya mbele ndogo kama kizibo cha chupa. Anataka kupigia picha, au kuna onesho la mavazi. Simcheki. Hilo ndilo mchuchumio wenyewe, uliofikishwa mwisho wake, na linafuata kanuni ile ile ila kwa ukali.

Kusimama kwa vidole kuna historia yake. Marie Taglioni alicheza La Sylphide mjini Paris mwaka 1832 akiwa na viatu laini vya hariri, vimeshonwashonwa nyuzi tu mbele na pembeni ili vipate ugumu. Nguvu ilikuwa yake, kiatu kilikuwa shahidi. Hata leo, kuanzia shule kubwa za Ulaya hadi madarasa ya baleti ambayo Mike Wamaya alifundisha Kibera, Nairobi, hakuna mwalimu mwenye akili anayempandisha mtoto kwenye ncha kabla kifundo chake hakijapata miaka ya mazoezi. Buti la picha ya simu halina mwalimu. Mwaka 2007 Christian Louboutin na mwongozaji filamu David Lynch walionesha Paris viatu vya namna hiyo, na viliundwa bila nia ya kutembelewa. Anza na ukweli huo: ni buti la kuketi, kusimama kidogo, na kupiga hatua chache ukiwa umeshikwa mkono.

Kipimo cha kama linakufaa kinafanyika kitandani. Kaa, nyoosha mguu, elekeza vidole mbele kadiri uwezavyo, halafu weka rula juu ya muundi iteremke hadi kwenye mgongo wa mguu. Kama wayo wako unanyooka karibu na mstari wa rula, buti litakupokea. Ukibaki umenyanyuka sana, kama wengi wetu, buti litaulazimisha mguu, na kifundo hakipendi kulazimishwa. Kisha simama peku, mguu mmoja, upande na kushuka kwa vidole mara 20 bila kushika ukuta. Usipofika 20, urudi baada ya miezi miwili ya kufanya hivyo kila asubuhi. Aliyewahi kuteguka kifundo, mjamzito, na mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi, hawa nawakatalia hata wakilia.

Ukilichagua, vidole vinyooke ndani, vikae pamoja, visikunjwe hata kimoja. Wacheza baleti hufunga vidole kwa sufu ya kondoo. Sponji laini ya godoro iliyokatwa vizuri inafanya kazi hiyo. Kamba ndizo zinazokubeba. Vaa umeketi, anza kukaza kutoka chini, ukazie hasa juu ya mgongo wa mguu na kwenye kifundo, halafu ulegeze kwenye shavu la mguu ili damu ipite. Ukikaza juu na kulegeza chini, uzito wote unadondokea kwenye kucha, na kucha zitakuwa nyeusi wiki ijayo. Buti la zipu bila kamba usinunue, kwa sababu zipu haijui mguu wako ni mwembamba wapi. Kisigino kipime kwa timazi kweli, uzi na kijiwe; kikipinda hata unene wa kiberiti, rudisha.

Dakika 5 mara ya kwanza, mtu amesimama kila upande, zulia chini. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua hapo hapo bila kusubiri picha moja ya mwisho. Na wapiga picha wetu wanapenda yale mawe ya ziwani jua likizama. Panda jiwe na ndala, kaa, vaa buti ukiwa umekaa, pigwa picha, vua, shuka na ndala. Picha haitaonesha ulivyofika.

Wiki mbili kabla, na siku yenyewe

Kiatu kipya hakianzi kazi siku ya harusi. Wiki mbili kabla kivae robo saa kila jioni, ndani, ukiwa na kanga ndefu kiunoni ili uzoee kitu kinachozonga miguu. Osha vyombo navyo, panga nguo. Hatua ziwe fupi kuliko kawaida, kisigino kitangulie kidogo sana kabla ya soli, macho yaende mbele. Anayetazama miguu yake huinama, na anayeinama kwenye mteremko huongeza mteremko. Ngazi za kupanda kanyaga kwa soli, kisigino kibaki hewani. Za kushuka shuka ubavu, mkono mmoja kwa mpambe, na hakuna atakayeona vibaya. Watadhani ni mbwembwe. Baada ya zoezi simama ukutani, unyooshe ukano wa nyuma ya kisigino, maana unakaa umejikunja muda wote huo.

Gauni likatwe ukiwa umevaa viatu vile vile. Nasema hivi kila mara, na kila mara kuna anayekuja kupimwa na kandambili.

Siku yenyewe bandika plasta mahali palipokuwa pekundu wakati wa mazoezi, kabla hujavaa. Lengelenge likishatokea usilitoboe, lifunike. Mpambe abebe vitu vinne kwenye mkoba: plasta, gundi ya fundi, jozi ya viatu bapa vya rangi ya gauni, na kanga. Kanisani skuna, kwenye gari vua, picha vaa, kuingia ukumbini vaa, keki vaa. Muziki ukishafunguliwa na mashangazi wakaanza kuingia kati, badilisha. Hapo bibi harusi aliyebaki juu ya inchi nne anacheza kwa mabega tu, na Bunda nimewaona wageni wakisubiri aserebuke mpaka wakakata tamaa. Kwa jozi ya pili ya bapa, gauni lifungwe upande mmoja kwa pini mbili. Mwambie mshonaji aweke vitanzi vya kulifungia mapema.

Usiku ukivua, miguu juu ya mto, maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Viatu jaza karatasi za gazeti zikaushe jasho, viweke mbali na jiko. Asubuhi binamu yako atakuja kuviazima kwa sendofu ya mwezi ujao, na mguu wake ni 39. Kabla hujamjibu, geuza kiatu uangalie mpira wa kisigino: kama usiku mmoja umeuchakaza upande mmoja, kipitie kwa fundi kwanza. Kisha mwambie akivae, ashuke ngazi za kibarazani, na wewe usimame nyuma yake ukitazama ile nafasi ya kidole gumba.